Kurasa Zilizofutwa Kasoro

Vijana wa kundi letu la kurasa waliniomba niandike kuhusu kazi yangu, sasa nimestaafu. Wakasema niandike kitu kizuri cha kutia moyo. Nimeandika. Kama hakitawatia moyo, wakisome tu kwa faida yao.

Kwa asiyenijua, mimi nimetunza kurasa za maelezo za mfumo endeshi huria. Mfumo endeshi ni ile programu kubwa inayoamsha kompyuta na kuziambia programu zingine zikae wapi. Huria maana yake hauna mwenyewe mmoja: yeyote anaweza kuufungua, kuusoma, kuubadilisha, na kumpa jirani bila kuomba ruhusa. Ndani ya mfumo huo kila programu ina ukurasa wake. Unapiga neno moja na jina la programu, ukurasa unafunguka hapo hapo, hata kama hakuna mtandao, hata kama bando limeisha. Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha kwamba yaliyo kwenye ukurasa ndiyo yanayotokea kwenye mashine, na kwamba mtu wa Ikonge anayasoma kwa Kiswahili akaelewa. Nimesikia watu wakisema hiyo si kazi. "Yule haandiki programu, anaandika maelezo tu." Wanaosema hivyo ndio hao hunipigia simu wakikwama.

Nilitoka shule darasa la nne. Sitaeleza kwa nini, maana sikuja hapa kuhurumiwa. Redio nilijifunza kwa kuzifungua, katika kibanda changu sokoni Ikonge, hadi wakulima wa chai redio zao zikianza kukoroma walinitafuta mimi kabla ya kununua betri. Baadaye redio zikahamia kwenye simu, nami nikaenda Kisii mjini kutafuta kitu kingine cha kufungua.

Huko ndiko nilipofika kwa Bwana Swaleh. Alikuwa Mwislamu wa mjini, mfanyabiashara, mtu wa maneno machache na kofia safi siku zote. Aliuza kompyuta kuukuu. Kila kompyuta aliifunga kadi kwa uzi, na kwenye kadi ameandika kwa mkono wake ubaya wa ile mashine: betri haishiki, herufi ya R haiingii mpaka uisukume, hii hupata joto, usiiweke kitandani. Siku yangu ya kwanza, mwenye duka la jirani alisimama mlangoni akisoma zile kadi na kucheka.

"Swaleh, nani atanunua kitu ambacho mwenyewe umekitukana?"

"Atakayenunua hatarudi kunitukana mimi," Swaleh akajibu. "Dini yangu hainiruhusu kuuza ubaya uliofunikwa. Yako inakuruhusu?"

Jirani akaenda zake. Swaleh akanigeukia mimi.

"Wewe fundi wa redio. Unasoma?"

"Nasoma."

"Na Kiingereza?"

"Kidogo. Kikinishinda nakizunguka."

Akanipa kamusi iliyotoka jalada, na kompyuta isiyokuwa na kifuniko, ubavu wote wazi kama ng'ombe aliyechunwa. Ndani yake aliweka huo mfumo huria, kwa sababu ile mifumo mingine ya kunakili kwa kificho aliiona mali ya wizi. Akafungua ukurasa wa kwanza akaniambia, "Soma. Anza chini."

Nikadhani ananitania. Lakini kurasa hizi zina mpangilio wake. Juu ni Jina la programu. Kisha Matumizi, Maelezo, Mifano. Chini kabisa kuna sehemu inaitwa Kasoro, na baada yake jina la mtu anayetunza ukurasa. Kwenye Kasoro, mwenye programu anaandika mwenyewe mahali programu yake inaposhindwa. Nilisoma nikitafuta maneno kwenye kamusi moja moja, nikarudia, maana sikuamini. Nilikuwa nimefungua redio za kila kabila, na sijawahi kukuta mtengenezaji ameandika ndani ya kasha: hapa tulishindwa, kuwa mwangalifu. Hawa watu wa mfumo huria walikuwa na mila hiyo tangu mwanzo. Na ndiyo hiyo iliyonifanya nikae. Kompyuta zenyewe sikuwa nazipenda sana, na mpaka leo tunavumiliana tu.

Nikaanza kugeuza kurasa kwa Kiswahili kwa ajili ya wateja wa duka. Ukurasa wa kwanza tulioutuma kwa watunzaji wakubwa mtandaoni ulirudi. Hawakusahihisha neno hata moja. Waliuliza tu swali: umeiendesha mwenyewe? Sikuwa nimeiendesha. Nilikuwa nimegeuza maneno nikafurahi. Tangu siku hiyo sijaandika amri ambayo mkono wangu haujaipiga kwenye ile mashine ya ubavu wazi, nikaona kinachotoka. Ndiyo maana ninawashangaa vijana wa siku hizi wanaoiambia mashine iwaandikie ukurasa, nayo inawaandikia vizuri, kwa adabu, ikieleza kitufe ambacho hakipo. Kijana mmoja alibishana nami kwamba kitufe hicho kinapaswa kuwepo. Nikamwambia hata mimi ninapaswa kuwa na nywele.

Kesi iliyonisumbua mapema ilitoka Kenyenya. Chuo kimoja cha ufundi huko kilitumia kurasa zetu, na mwalimu wao akalalamika kwamba ukurasa wa kuchapisha karatasi ni wa uongo. Niliuendesha upya, ukafanya kazi. Akalalamika tena. Nikapanda gari nikaenda, nikakaa nyuma ya wanafunzi nikanyamaza. Nikaona. Hakuna aliyesoma Maelezo. Wote walikimbilia Mifano, wakanakili mfano kama ulivyo. Nami kwenye mfano nilikuwa nimetumia faili linaloitwa barua-ya-mjomba. Wote walikuwa wanaiamuru mashine ichapishe barua-ya-mjomba, nayo inawajibu haimjui huyo mjomba. Wachache waliokuwa na akili ya biashara walikuwa wameunda faili lenye jina hilo, wakaweka ndani kazi zao. Chuo kizima kilikuwa kinachapisha barua za mjomba.

Sikucheka hapo. Nilicheka nikiwa barabarani. Lakini nilijifunza jambo ambalo sijaliona likifundishwa popote: watu wetu hawausomi ukurasa, wanautii. Ukiandika mfano, umetoa amri. Ukinyamaza kuhusu hatari, umesema hakuna hatari. Shikeni hilo, maana ndilo litakaloniudhi huko mbele.

Swaleh alipozeeka alifunga duka akaenda kukaa kwa binti yake. Mimi nikarudi upande wa kwetu, Nyamira. Hapo mjini, juu ya duka la vifaa vya ujenzi, vijana walikuwa wameanzisha kundi la kutunza kurasa za Kiswahili na kuweka mfumo kwenye kompyuta za shule na zahanati za huku kwetu. Kiongozi wao alikuwa Brian. Kijana mwerevu, amesoma chuo kikuu, mama yake anaimba kwaya ya kanisa letu la Sabato. Sikumchukia, wala simchukii leo. Alinipokea vizuri, akanipa meza ya dirishani, na kwa muda mrefu tulifanya kazi bila kelele.

Sasa niwaeleze programu inayoitwa kioo, kwa sababu yote yanaangukia hapo. Kioo kinafanya diski ya pili ifanane na ya kwanza. Ukiongeza kitu kwenye ya kwanza, kinaongezwa kwenye ya pili. Ukiondoa kwenye ya kwanza, kinaondolewa kwenye ya pili. Ni chombo kizuri. Lakini huku kwetu stima inapotea na kurudi inavyotaka, na ikirudi kwa nguvu inaweza kuunguza diski. Diski ya kwanza ikiungua haifunguki, na kioo kikichungulia kinaona pale mahali patupu. Basi kinafanya kazi yake kwa uaminifu: kinaifanya na ya pili iwe tupu. Yaani siku ile ile unayohitaji nakala yako ndiyo siku kinaifuta.

Kwenye sehemu ya Kasoro ya ukurasa huo niliandika hivi: "Kioo hakijui tofauti ya diski tupu na diski isiyofunguka. Stima ikipotea ikarudi, hakikisha kwanza diski ya kwanza imefunguka. Kama haijafunguka na ukaendesha kioo, kitafuta nakala yako yote na hakitakuuliza."

Niliwafundisha watu wote niliowawekea mashine waanze chini, kama nilivyofundishwa. Mmoja wao ni Sista Nyaboke, muuguzi wa zahanati ndogo iliyo katikati ya mashamba ya chai, mbele ya Ikonge. Kwenye mashine yake kulikuwa na habari za akina mama na watoto wa milima ile yote: mama yupi ana shida ya damu, mtoto yupi amebakiza sindano. Kila jioni anapofunga alikuwa anapiga amri ya kioo. Stima ikipotea, alifungua ukurasa kwanza.

Halafu wakaja wageni waliotaka mfumo wetu kwa shule nyingi kwa pamoja. Walikaa na kurasa zetu, wakaona Kasoro, Kasoro, Kasoro, wakaondoka wakisema hawawezi kuwapa watoto kitu kibovu hivyo. Brian alirudi mezani kwangu akiwa amenuna.

"Mzee wetu, hii Kasoro inatuchomea picha. Walikuwa wanazihesabu kwa kidole."

"Na ile mifumo mingine wanayoitaka haina kasoro?"

"Iko nazo. Lakini haisemi."

"Basi sisi ndio tunasema."

"Mzee, tutazirekebisha polepole. Kwa nini tutembee tukitangaza?"

"Zirekebishe. Ukimaliza moja, ifute. Siyo kufuta kwanza."

Akasema litaamuliwa na kundi kwenye mkutano. Sawa. Mkutano wakauweka Jumamosi.

Hapa naomba msinielewe vibaya, nina hasira mpaka leo. Mimi Jumamosi siwashi kompyuta. Wanajua. Nyamira yote inajua. Brian amelelewa kwenye benchi la kanisa hilo hilo, anajua kuanzia Ijumaa jua likizama mimi sipatikani. Wakakutana mtandaoni siku ya Sabato, wakapiga kura, wakaondoa sehemu ya Kasoro kwenye kurasa zote za Kiswahili. Siyo moja. Zote. Nilipowasha mashine Jumapili asubuhi nilikuta kazi ya miaka imenyolewa kichwa. Na kila mashine tuliyoiweka hupokea kurasa mpya ikipata mtandao. Nikampigia Brian.

"Kwa nini Jumamosi?"

"Wengine wanafanya kazi siku zingine, Mzee. Hatukuwa na nafasi."

"Na mama yako ulimwambia ulikuwa wapi?"

Hapo nikamwambia mambo mawili. Kwanza, nimestaafu. Pili, majina yangu yaondolewe kwenye kila ukurasa, kwa sababu jina la mtunzaji liko pale chini kumwambia msomaji kwamba kuna mtu anayesimamia yaliyoandikwa, na mimi sisimamii ukurasa unaoficha kasoro.

Wakanifanyia sherehe. Keki, soda, hotuba. Wakanipa kompyuta ndogo iliyochongwa kwa jiwe laini la Tabaka. Hiyo kweli haina kasoro, kwa sababu haifanyi kitu chochote. Brian akasema mbele ya watu kwamba jina langu halitaondolewa, litabaki kwenye kurasa kwa heshima. Watu wakapiga makofi. Mimi sikupiga. Nilimwambia pale pale, keki mkononi, "Brian, nilisema liondolewe." Akacheka akanikumbatia, watu wakapiga picha. Mtu anakataa jambo, unamkumbatia. Siku hizi ndiyo adabu hiyo.

Nikaenda nyumbani kuchuma chai.

Mvua ndefu zilipoanza, Nyaboke alinipigia simu mchana. Sauti yake ilikuwa baridi.

"Tata, kioo kimefuta."

Nikakaa chini. "Ulisoma ukurasa?"

"Nilisoma. Stima ilipotea ikarudi na kishindo. Nikafungua ukurasa kama ulivyonifundisha, nikaenda chini. Kasoro haipo. Nikadhani mmeirekebisha."

"Nyaboke, mimi nimetoka huko."

"Umetoka wapi? Jina lako si liko pale chini? Nililiona. Nikasema, kama omogaka, mzee wetu, ameiondoa Kasoro na jina lake bado lipo, basi imekwisha. Nikapiga amri."

Diski ya kwanza ilikuwa imeungua. Ya pili ilikuwa tupu, safi, imefutwa kwa bidii. Habari zote za akina mama wa milima ile zilikuwa zimeenda. Nyaboke hakunitukana. Ningependelea anitukane. Alisema tu kwamba kesho anaanza kupita nyumba kwa nyumba, maana kuna watoto wa sindano na hajui ni nani.

Nikampigia Brian. Nilimwambia yaliyotokea, polepole, kisha nikasema, "Vaa gambuti, uje Ikonge."

Alikuja. Hilo nampa. Wengine wangezima simu. Tukapita na Nyaboke kwenye zile njia za matope kati ya chai, yeye mbele, mimi na mwavuli, Brian nyuma akiteleza. Nyumba zingine mama alikuwepo na kitabu cha kliniki, tukanakili. Zingine mama alikuwa amehamia kwa watu wake, au kitabu kililowa, na Nyaboke alibaki akikisia umri wa mtoto kwa meno. Kwenye nyumba moja tulimkuta bibi mzee akianika mahindi barazani. Alimsikiliza Nyaboke mpaka mwisho, kisha akauliza.

"Si mlikuja mkaandika mambo haya yote? Mkasema kompyuta haisahau?"

"Zilifutika, magokoro," Brian akasema.

"Zilifutika zenyewe?"

Brian akaangalia gambuti zake. Nyaboke akataka kumsaidia, mimi nikamzuia kwa mkono.

"Tulizifuta sisi," Brian akasema. "Tuliondoa onyo lililokuwa limeandikwa."

"Kwa nini?"

"Lilikuwa linatuharibia sura."

Bibi akamwangalia kwa muda, tope mpaka magotini, jasho, koti zuri la mjini limechanika kwapani.

"Na sasa sura iko wapi?" akauliza, akaendelea na mahindi yake.

Tuliporudi zahanati Brian alifungua kompyuta aliyokuwa ameibeba mgongoni. Akaniambia, "Mzee, niandikie tena ile Kasoro ya kioo. Nairudisha leo, zote nazirudisha, sitasubiri mkutano. Ile ya kwako ilikuwa sawa."

"Siandiki."

"Mzee, tafadhali."

"Nimestaafu. Andika wewe."

Akaandika, akanigeuzia kompyuta nisome. Alikuwa ameandika: "Katika mazingira fulani, matokeo yasiyotarajiwa yanaweza kujitokeza."

"Mazingira yapi?"

"Ya stima."

"Basi sema stima. Na hayakutarajiwa na nani? Mimi niliyatarajia. Niliyaandika."

Akafuta. Akaandika kwamba nakala inaweza kuathirika. Nikampa Nyaboke asome, maana ndiye mwenye ukurasa kuliko sisi sote.

"Kuathirika ni nini?" Nyaboke akauliza. "Mimi mgonjwa wangu akifa siandiki ameathirika."

Brian akafuta tena. Safari hii alichukua muda. Akaandika kwa maneno yake mwenyewe kwamba stima ikirudi na diski ya kwanza ikakataa kufunguka, kioo kitafuta kila kitu kwenye nakala bila kuuliza, na kwamba jambo hili limeshawahi kutokea kwenye zahanati na kazi ya watu ikapotea. Hiyo ya mwisho mimi sikumwambia. Nyaboke akasoma, akarudia, akasema, "Hii ningeisikia."

"Sasa shuka chini," nikamwambia Brian. "Toa jina langu."

Safari hii hakunikumbatia. Alilitoa. Akabaki akiangalia ile nafasi tupu.

"Nani anasimamia ukurasa huu?" nikamuuliza.

Akaandika jina lake.

Wale wageni wa shule hawajarudi, na sidhani watarudi. Wanaofikiri Brian alipoteza nafasi kubwa waendelee kufikiri. Nyaboke bado hajamaliza kupita milima yake. Kuna watoto hatujawapata mpaka leo, na hilo sitalisamehe kwa sababu ya soda na hotuba. Lakini stima ikipotea huku Ikonge, simu ya Nyaboke hulia kabla stima haijarudi. Anayempigia kumwambia asiguse kioo mpaka diski ifunguke si mimi. Ni Brian, na siku zingine hupiga Jumamosi. Sabato hiyo namruhusu.